Panga, Gobore na Mtutu wa Bomba

Neno panga ni ukubwa wa neno upanga. Jina la Kiswahili likivuliwa kiambishi chake na kutiwa katika ngeli ya majina ambayo wingi wake ni ma-, mara nyingi kitu kinachotajwa hukuzwa, au huvunjiwa heshima yake: kikapu huwa kapu, mdomo huwa domo. Upanga ni silaha ya vita. Una ala yake, huvaliwa, hurithiwa, na wingi wake ni panga. Lakini panga ambalo wingi wake ni mapanga ni chombo cha shamba, cha kufyekea pori, kukatia kuni na kupasulia nazi. Neno, basi, lilitoka vitani likaenda shambani, na habari za Afrika ya Mashariki zaonyesha kwamba si mara moja wala mbili limerudi lilikotoka. Mzinga ulisafiri kwa njia nyingine. Mzinga wa asili ni gogo lililotobolewa likatundikwa mtini ili nyuki waingie. Mizinga ya shaba na ya chuma ilipoonekana katika merikebu na ngome za pwani, watu walitazama umbo lake wakaipa jina la nyumba ya nyuki. Kombeo nalo ni la watoto walinda ndege katika mashamba ya mpunga na mtama, ingawa jiwe la kombeo halichagui kati ya ndege na mtu.

Maneno hayo yakiwekwa upande mmoja, na upande wa pili yakawekwa bunduki, baruti, risasi, bastola na bomu, tofauti yaonekana mara moja. Haya ya pili yote yametoka nje. Risasi ni neno la Kiarabu la madini yenyewe. Bunduki huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya kokwa, kwa kufananisha kidonge cha risasi na kokwa, na wengine hulihusisha na jina ambalo Waarabu waliuita mji wa Venice. Kitu kilichokuja kwa bahari kilikuja na jina lake, na aliyekileta aliweza pia kukizuia. Hapo ndipo ulipo mzizi wa silaha za kujitengenezea. Waandishi wengi wa zamani walizieleza kama dalili ya ujinga wa watu waliozishika. Lakini mtu akifuata tarehe na sheria ataona kwamba kila mara zilipotokea, palikuwa na mlango uliofungwa kwanza.

Karne ya kumi na tisa haikuanza kwa mlango uliofungwa. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kubadili bunduki zao, katika miaka ya 1860 na 1870, wakachukua zinazojazwa kwa nyuma, zile za kale za kujazwa kwa mdomoni ziliuzwa kwa bei ya takataka, na nyingi zilifika Unguja. Katika mwaka wa 1888 balozi wa Kiingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilipita huko kila mwaka kwenda bara. Bunduki hizo ndizo gobore. Mzungu aliziona kuwa chuma chakavu, lakini huko bara zilikuwa na sifa moja ambayo bunduki mpya hazikuwa nayo: mhunzi wa kijijini aliweza kuzitengeneza zikiharibika, na risasi zikikosekana zilikubali vipande vya chuma au vijiwe. Mwenye bunduki mpya alikuwa mtumwa wa kiwanda kilichomtengenezea viasi vyake. Mwenye gobore hakuwa hivyo.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo mliingizwa vifungu vya silaha, vikikataza kupeleka bunduki na baruti katika nchi zote za Afrika zilizo kati ya daraja 20 za kaskazini na daraja 22 za kusini. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema, maana ni kweli kwamba bunduki zililisha biashara ya watumwa. Lakini palikuwa na ruhusa maalumu: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa idhini ya serikali, kutoka katika ghala iliyo chini ya ulinzi wake. Kwa maneno mengine, mkataba ulimgawia Mwafrika silaha ya babu yake, na serikali mpya zikabaki na silaha za siku zile. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliangamiza jeshi la Zelewski pale Lugalo, na mikuki ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wadachi hawakusahau, na ulinzi wa baruti ulizidi kukazwa.

Vita vya Maji Maji vilipoanza, mwezi wa Julai 1905, silaha ya kwanza haikuwa hata jembe. Huko Nandete katika milima ya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba kwa mikono yao katika shamba la kulimishwa kwa nguvu, na kwa kitendo hicho wakamtangazia vita Gavana von Götzen. Kilimo hicho cha pamba cha kijiji kizima kilikuwa kimeamriwa tangu mwaka wa 1902, na malipo yake yalikuwa duni hata wengine walikataa kuyapokea. Watu walioinuka walikuwa na gobore, mikuki, pinde, mashoka na mapanga. Askari wa Wadachi walikuwa na bunduki za Mauser za namna ya mwaka 1871, ambazo huko Ulaya zilikwisha kupitwa na wakati, pamoja na ile ambayo Waswahili waliiita bombomu. Yafaa kuangalia jina hilo. Karibu silaha zote za kigeni zilikuja na majina yao, lakini hii watu waliipa jina la mlio wake, kama apewavyo ndege.

Ndipo yalipoingia maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wadachi walimnyonga pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga bado, alikuwa amewapa watu dawa ya maji iliyochanganywa na nafaka, akiwaahidi kwamba risasi za adui zingegeuka maji. Ripoti za siku zile zilitaja jambo hilo kwa dharau, na vitabu vingine vya shule vilirithi dharau hiyo. Lakini dawa haiwezi kuhukumiwa bila kukumbuka ugonjwa. Watu waliozuiwa kisheria kupata silaha sawa na za adui walikuwa na njia mbili: kunyamaza, au kutafuta kitu cha kusawazisha mizani ambacho hakipiti forodhani. Tena maji yalifanya kazi ambayo bunduki nzuri isingeweza kuifanya. Yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, nao wakapigana chini ya kiapo kimoja. Kwa ngao yalikuwa hafifu, lakini kwa upande wa kukusanya jeshi hakuna silaha ya mhunzi iliyoyafikia.

Uhafifu huo ulidhihirika Mahenge tarehe 30 Agosti 1905. Maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma iliyokuwa chini ya Kapteni von Hassel, wakaja wazi, kwa safu, kama watu wasio na haja ya kujificha. Bombomu ziliwafyeka. Walioendelea kupigana baada ya siku hiyo waliacha safu wakaingia porini, wakapigana kwa kuvizia, na hapo gobore na mishale vilipata tena maana, kwa sababu katika kichaka chenye giza mtutu wa kale wauma sawa na mtutu mpya. Serikali ikajibu kwa moto: vijiji, maghala na mashamba vilichomwa. Njaa iliua wengi kuliko risasi. Serikali ya Wadachi ilitoa hesabu ya watu 75,000; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389. Hakuna maelezo ya mbinu za vita yanayoweza kusema zaidi ya tarakimu hizo mbili zikikaa pamoja.

Ni bahati kwamba vita hivyo havikuandikwa na washindi peke yao. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliuchapisha katika mwaka wa 1957. Na katika mwaka wa 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee waliokuwa wakikumbuka bado. Bila kazi hiyo tungebaki na ripoti za maofisa, na maofisa hawakuwa na haja ya kuuliza gobore lilitengenezwa na nani.

Haifai kudhani kwamba kugeuza kitu kisicho silaha kikawa silaha, au silaha ya mahali fulani ikatumika mahali pengine, ni jambo la maskini tu. Miaka tisa tu baada ya Mahenge, Wadachi wenyewe walijikuta wamefungiwa mlango. Vita Kuu ilipoanza manowari za Kiingereza zililinda pwani, na Jenerali Lettow-Vorbeck hakuweza kupata kitu kutoka kwao ila kwa nadra. Manowari yao Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikimbilia mdomo wa Rufiji, na huko ikaharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magari ya magurudumu, kisha ikakokotwa na watu kwa mamia kuvuka mito na milima. Wapagazi hao hawakuandikwa majina. Waingereza nao walikuwa wamekwisha kuopoa mizinga ya Pegasus wakaipeleka bara. Leo mzinga mmoja wa kila manowari waonekana katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Vitabu vya vita husimulia habari hiyo kwa sifa, kama ushahidi wa akili na ustadi. Mtu aliyetengeneza bunduki kwa bomba la maji miaka 40 baadaye hakusifiwa hivyo, alinyongwa.

Habari ya bomba hilo ni ya Kenya. Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Watu walioingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya hawakuwa na nchi jirani ya kuwapa silaha wala bandari ya kuzipokelea. Walikuwa, hata hivyo, na elimu. Makumi ya maelfu ya Wakenya walikuwa wamepigania Uingereza katika Vita vya Pili. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Burma. Mtu wa namna hiyo alijua kufungua bunduki na kuifunga tena gizani, na sheria ya nchi yake haikumruhusu kuwa nayo. Mafundi wa mbao na wa chuma wakaanza kazi. Mtutu ulikuwa bomba la maji; kitako kilichongwa kwa mti wa msituni; komeo la mlango lilifanya kazi ya kufunga, na ukanda wa mpira wa gurudumu ukawa badala ya springi. Kwa mbali bunduki hizo zilifanana na za kiwandani. Kwa karibu zilikuwa hatari, kwanza kwa mwenye kuzishika: mitutu ilipasuka, na watu walijeruhiwa na silaha zao wenyewe kabla ya kumfikia adui. Palikuwa na nyingine ambazo hazikuwa na mtutu kabisa, za mti mtupu, zilizochongwa kwa ajili ya kuonekana tu. Bunduki ya mti haiui, lakini mlinzi wa usiku hana nafasi ya kuuliza.

Risasi hazikuweza kuchongwa. Zilitoka mijini moja moja, zilizoibwa au kununuliwa kwa askari, na nyingi zilichukuliwa na wanawake, ambao walipita kwa wakaguzi wakiwa na mizigo ya mboga na watoto mgongoni. Sehemu hii ya historia imesimuliwa kidogo mno kuliko inavyostahili, maana bila mikono hiyo bomba lingebaki bomba. Lugha ya msituni nayo ilijiundia majina. Bunduki ya Sten iliitwa bebeta, neno ambalo sikio la Mswahili hulisikia kuwa ndugu wa pepeta, kazi ya mwanamke na ungo wake.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 waonyesha kwa pamoja mambo mawili ambayo silaha za namna hii zaweza kufanya. Huko Naivasha kundi dogo, lenye bunduki chache na mapanga mengi, liliingia katika kituo cha polisi, likafungua mahabusi 173, likaondoka na bunduki zaidi ya 40 na risasi zake. Lilikuwa shambulio la kijeshi kwa kila namna, lililopangwa kwa muda na kutekelezwa kwa haraka. Usiku huohuo, huko Lari, jamaa na majirani wa mzee Luka Kahangara, aliyekuwa chifu, walishambuliwa katika nyumba zao kwa moto na mapanga, wakafa watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Kabla ya mapambazuko na siku zilizofuata, homugadi na askari walilipa kisasi, wakaua wengine wengi ambao hawakutajwa sana magazetini. Asili ya ugomvi wa Lari ilikuwa ardhi, nao ulianza miaka mingi kabla ya Hali ya Hatari. Picha zilizoenezwa ulimwenguni zilikuwa za Lari, na kwa picha hizo panga likawa alama ya vita vyote, hata Naivasha ikasahauliwa. Tena homugadi wenyewe, walinzi waliokuwa upande wa serikali, walianza kazi wakiwa na mikuki na mapanga vilevile, kwa sababu serikali iliogopa kuwapa bunduki mpaka imewajaribu. Panga moja, basi, liliitwa la ushenzi au la utii kulingana na mkono uliolishika.

Sheria za Hali ya Hatari zilifanya kosa la kukutwa na bunduki au risasi kuwa kosa la kifo, hata risasi ikiwa moja. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua mtu. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Akahukumiwa kwa kukutwa na bastola na risasi zake, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Miaka 50 baadaye, katika mwaka wa 2007, sanamu yake ilizinduliwa katika barabara ya Nairobi yenye jina lake. Mkono wa kulia ina bunduki, na wa kushoto kisu.

Unguja yahitaji maneno machache tu, ingawa majeraha yake ni makubwa. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68, karibu wote Waarabu, na mapanga yaliyotumika ni yaleyale ya mashamba ya karafuu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi waliokwenda kuvamia ghala ya silaha ya polisi huko Ziwani walishika mapanga, mashoka, mikuki na pinde. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa polisi, watu wa bara walioachishwa kazi na serikali iliyokuwa ikiondolewa, nao waliijua njia ya kuingilia. Baada ya saa chache walikuwa na bunduki. Mauaji makubwa yalifuata baada ya ghala kufunguliwa, na jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba silaha ya kienyeji ndiyo yenye ukatili zaidi.

Hata hivyo chombo cha shamba si lazima kiwe silaha ya watu wasio na serikali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza nchini Rwanda tarehe 7 Aprili 1994, yakaendelea mpaka Julai. Waliouawa ni zaidi ya 500,000, na kwa hesabu ya serikali ya Rwanda zaidi ya 1,000,000. Magazeti ya Ulaya na Marekani, hasa katika wiki za mwanzo, yalizungumza habari za hasira za makabila na za wakulima waliochukua walichokikuta nyumbani. Leseni za kuagiza bidhaa zasema mengine. Kati ya Januari 1993 na Machi 1994 ziliingizwa Rwanda kilo 581,000 za mapanga, karibu mara mbili ya yale ya miaka iliyotangulia, pamoja na nyundo, sururu na mundu. Wakati huohuo wanamgambo walikuwa wakifunzwa na orodha za majina zikiandikwa. Makanisani, viwanjani na shuleni walimokimbilia watu, mara nyingi askari walianza kwa bunduki na makombora ya mkono, wenye mapanga wakaingia baadaye. Waliopanga walijua kwamba panga halitazamwi forodhani kama silaha, na kwamba atakayelishika ataonekana kuwa mkulima aliyepandwa na wazimu. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kufika huko kabla ya shehena hizo, likapata kiambishi cha wenyeji: Kinyarwanda husema umupanga.